Kelele za Visitación

Saa kumi na mbili alfajiri Ambrosio huinua mlango wa chuma wa baa yake,
na chuma hicho, kama hujakizoea, kitakutoa roho.
Mimi nimekizoea. Najigeuza upande wa pili,
nasikia kahawa ikisagwa, mtu akikohoa jana yake yote,
kisha lori la barafu, kisha shakwe,
kisha Curro na ile pikipiki yake isiyo na haya.
Hapo ndipo El Palo huhesabiwa kuwa imeamka,
ingawa sijapata kuthibitisha kama ililala.

Visitación wa ghorofa ya tatu alikuwa adui wa yote haya.
Miaka arobaini na mmoja alipigana na mtaa kwa ndoo.
Wanywaji wakizidisha vicheko chini ya roshani yake,
saa saba, saa nane za usiku,
maji yalishuka bila hodi,
na siku ya hasira kubwa yalikuwa ya kuoshea ngisi.
"Walaaniwa nyinyi! Wengine tuna mifupa ya kulaza!"
Chini wakampigia makofi.
Ambrosio akamtumia mishikaki sita ya dagaa wanono,
waliochomwa ndani ya mashua kuukuu iliyojazwa mchanga,
kwa kapu lililoteremshwa na kamba.
Kapu likapanda. Ndoo ikapumzika.
Hadi Ijumaa.

Usidhani walichukiana.
Julai, Bikira wa Karmeli anapoingizwa baharini mabegani,
wanaume wamevaa meupe, maji yamewafika vifuani,
ni yeye aliyewashinda wote kwa kelele,
viatu mkononi, sauti imekauka,
akimwita Mama yule kama anavyoitwa jirani
na kumkumbusha deni.

Kisha jengo likapata mmiliki mpya,
mtu tusiyemwona, mwenye sahihi nzuri.
Mlangoni kwa Visitación sasa kuna kisanduku
kidogo kama pakiti ya sigara,
tarakimu nne, ufunguo tumboni.
Wageni huja wakiburuta magurudumu juu ya mawe,
hulala siku tatu, huenda.
Hawajui lile kapu msumarini ni la nini.
Mmoja alitia vitunguu.

Binti yake alimchukua Antequera, huko bara,
nyumba mpya, lifti, madirisha ya vioo viwili.
Kimya cha peponi, alisema binti.

Juma la pili simu yangu ikalia, saa nne usiku.
"Ulikuwa umelala?"
"Hapa? Alale nani?"
Akanyamaza. Nikasikia saa ya ukutani kwake
kama mtu anayetafuna kucha.
"Iweke dirishani."
"Nini?"
"Simu, mpumbavu wewe. Iweke dirishani uende zako."

Basi kila usiku naiweka
kati ya chungu cha mrehani na kopo la vibanio.
Chini wanagombea penalti ya mwaka juzi.
Mtoto anakataa kulala kwa Kihispania, mwenziwe kwa Kiarabu.
Viti vinaburutwa, gitaa lina nyuzi tano,
upepo wa bara umefungua tanuri lake na kubamiza milango,
na bahari, nyuma ya wote, inafagia tu, haimalizi.
Yote hayo yanapanda mlima
yakaingie sikio moja la bibi wa miaka themanini na mitatu.
Mimi naosha vyombo. Nikirudi
nakuta mkoromo wake unatoka kwenye simu,
mdogo, mnyenyekevu, ukijaribu nao kuchangia.

Jana hakukoroma.
Niliponyoosha mkono nikate, akasema:
"Ngoja. Pikipiki ya Curro haijapita."
Nikamwambia Curro ameiuza. Ana mtoto sasa.
Saa ya ukutani ikatafuna, ikatafuna.
"Shetani yule. Bila kuniaga?"
Kisha, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi:
"Mwambie Ambrosio leo afunge mlango wake kwa nguvu."

Nikainama nje, karibu niangushe mrehani,
nikaita kwa kifua chote.
Mtaa mzima ukainua uso,
na watu wawili, kwa mazoea, wakarudi nyuma wasilowe.